Shilingi mia sita zilizozaa elfu sita: makato ya benki na namna ya kuyakwepa

Mji wa Eldoret una kisa chake na benki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1912, Benki ya Standard ya Afrika Kusini ilipopeleka tawi huko juu, sefu la chuma lilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe na likawa zito mno kuinuliwa. Basi wakaliacha palepale, wakajenga kibanda cha udongo kulizunguka. Leo mji huo, ambao wenyeji waliuita Sisibo kwa ile nambari 64 ya shamba ulipoanzia, ni jiji tangu Agosti 2024, na katika Barabara ya Uganda na mitaa ya karibu utakuta matawi ya benki kubwa za Kenya karibu zote.

Utaniuliza, ndugu msomaji, Eldoret na sisi watu wa pwani wapi na wapi? Malori yanayotoka bandarini Mombasa kwenda Malaba yanapita pale, na madereva wengi ni wa kwetu. Watoto wetu wanasoma Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses. Wafanyabiashara wetu wanapandisha leso, madera na tende, wanateremsha mahindi. Na kila mmoja wa hawa ana akaunti, kwa hivyo kila mmoja anakatwa.

Nilikuwa huko msimu wa mavuno uliopita kwa dada yangu, mtoto wa shangazi, mwenye duka la nguo. Akanitolea stetimenti ya benki, karatasi mbili, akaniambia, "Kaka, nisomee haya, maana mimi naona pesa zinaondoka tu." Benki yenyewe siitaji, kwa sababu kilichomkuta kingeweza kumkuta mteja wa benki yoyote. Lakini hesabu zake nitaziweka wazi, kwa kuwa ndani yake mna somo zima la makato ya benki.

Kodi ya duka ni 18,000 kwa mwezi, na mwenye jengo anadai hundi. Akaunti ilikuwa haina kitu. Tarehe 30 dada akaweka 18,000 kamili, akalala usingizi. Usiku wa mwisho wa mwezi benki ikakata ada ya kuendesha akaunti, shilingi 500, na ushuru wa serikali juu yake, shilingi 100. Zikabaki 17,400. Hundi ilipofika ikakosa shilingi 600, ikarudi. Adhabu ya kurudi hundi 2,500, na ushuru wake 500. Zikabaki 14,400. Mwenye jengo akampigia simu, dada akauliza kwa wakala imepungua ngapi, akaambiwa mia sita. Akaweka mia sita. Hakuna aliyemwambia kwamba adhabu nayo ilikuwa imekwisha kukatwa. Hundi ikapelekwa mara ya pili, ikarudi tena, elfu tatu nyingine zikaenda. Jumla elfu sita, kwa upungufu wa shilingi mia sita, na kodi bado haijalipwa. Juu ya hayo mwenye jengo naye alikuwa ametozwa na benki yake kwa kupokea hundi iliyorudi, na akataka arudishiwe.

Ukimtazama dada huyu utasema hana pesa. Si kweli, pesa alikuwa nazo. Alichokosa ni kujua tarehe. Na hili ndilo ninalotaka tulishike kuhusu makato ya adhabu: mengi hayatokani na ufukara, yanatokana na pesa kuingia siku moja na benki kuvuta siku nyingine. Anayeweka pesa "kamili" ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kamili yake haikuhesabu ada ya mwezi, ada ya ujumbe wa simu, wala ushuru.

Huo ushuru wenyewe wengi hawaujui. Tangu Sheria ya Fedha ya 2018, ada za benki hutozwa ushuru wa asilimia 20. Mwaka 2023 ule wa huduma za kutuma pesa ulishushwa ukawa asilimia 15, lakini ada nyingine za benki zikabaki palepale. Kwa hivyo karatasi ya benki ikikwambia adhabu ni 2,500, wewe soma 3,000. Kila ada uongeze thuluthi mbili za… la, usijitese na thuluthi: ongeza moja ya tano, basi.

Dawa ya mkasa wa dada ni ya kawaida kabisa. Acha akiba kidogo ndani ya akaunti ambayo hutaigusa, iwe angalau mara mbili ya makato ya mwezi mzima. Peleka tarehe ya hundi au malipo siku tatu nne baada ya siku unayopata pesa, si siku hiyohiyo, kwani hundi, mishahara ya kaunti na malipo ya mahindi yote yana tabia ya kuchelewa. Na hundi ikisharudi, usiweke pesa kabla ya kuuliza salio la sasa hivi ni ngapi. Usiulize "ilipungua ngapi", uliza "kuna ngapi". Au mlipe mwenye jengo moja kwa moja, umwombe airudishe ile hundi mkononi mwako.

Hundi ina jambo jingine zito kuliko ada. Sheria ya Jinai ya Kenya, kifungu 316A, inamfanya mkosaji mtu anayeandika hundi huku akijua akaunti yake haina pesa za kutosha au imefungwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo kuandika hundi si mchezo. Mie naona kwa kodi ya duka kuna njia salama zaidi siku hizi, na mwenye jengo anayeng'ang'ania hundi ni wa kuzungumza naye.

Maagizo ya kudumu, yale unayoiambia benki ikate kila tarehe fulani ilipe karo au bima, yana adhabu yake pia yakikuta akaunti tupu. Kanuni ni ileile ya tarehe.

Akaunti ya akiba na sheria isiyosomwa

Nikamuuliza dada, "Kwa nini una akaunti ya hundi?" Akasema ndiyo aliyofunguliwa. Wengi wetu ni hivyo. Tunafika kaunta, tunapewa fomu, tunatia sahihi. Mwanafunzi anayetumiwa elfu nne kwa mwezi amefunguliwa akaunti yenye kitabu cha hundi na ada ya kila mwezi, na kitabu hajakishika hata siku moja.

Sheria ya Benki ya Kenya, kifungu 16A, inasema taasisi haitatoza ada ya namna yoyote kwenye akaunti ya akiba. Maneno hayo yamo ndani ya sheria, si fadhila ya meneja. Kinachofanyika ni kwamba akaunti nyingi zinazotangazwa kwetu zina majina mazuri ya kibiashara, na ukichunguza utakuta hazikusajiliwa kuwa za akiba. Ni akaunti za miamala. Basi unapofungua akaunti usiulize "ni ya bei gani", uliza: hii ni akaunti ya akiba kwa mujibu wa sheria, au ni ya miamala? Jibu lake litakwambia kama ada ya mwezi itakuandama. Wewe ambaye huna haja ya hundi, omba ya akiba, na usione haya kurudi kwenye benki uliyo nayo ukaomba ubadilishiwe.

Kifungu 44 cha sheria hiyo hiyo kinakataza benki kupandisha ada zake bila idhini ya waziri wa fedha. Kwa miaka mingi benki zilibishana kwamba kifungu hicho hakigusi riba. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi kati ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ikasema kinagusa: hata riba ya mkopo haipandishwi bila idhini. Nayaleta haya kwa sababu watu wetu wakikatwa husema "benki ni benki, utafanya nini", na huku mteja mmoja ameshindana na benki mpaka mahakama ya mwisho akashinda.

Aidha, mwongozo wa Benki Kuu wa kumlinda mteja, unaotumika tangu Januari 2013, unaitaka benki ikupe notisi ya siku 30 kabla ya kubadilisha ada. Ujumbe mfupi unaoingia usiku ukisema "viwango vyetu vimebadilika" usiufute. Hapo ndipo siku zako 30 zinapoanza, na ndani yake unaweza kuhama.

Fuliza

Sasa twende kwenye simu, maana huko ndiko wengi wetu tunakokatwa kila siku bila kujiona tumekopa. Fuliza ilianza Januari 2019, ya Safaricom pamoja na benki mbili, KCB na ile ambayo leo ni NCBA. Ukilipa zaidi ya ulicho nacho, inakujazia. Mwisho wa Septemba 2022 ada zake zilipunguzwa. Kwa viwango hivyo unalipa asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ya kila siku kulingana na kiasi. Kuanzia 501 hadi 1,000 ni shilingi 6 kwa siku, na mkopo usiozidi elfu moja siku tatu za mwanzo hautozwi ada ya siku. Kuanzia 2,501 kwenda juu ni shilingi 25 kwa siku.

Chukua dereva aliyekwama Eldoret, lori limeharibika, akafuliza 3,000 za fundi na kulala. Kuingilia ni 30. Siku kumi kwa 25 ni 250. Jumla 280, bila kuhesabu ushuru. Mtu atasema 280 si kitu. Lakini ni zaidi ya asilimia 9 ya pesa aliyochukua, kwa siku kumi tu. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwezi, 840 zimekwenda, na hakuna siku aliyokaa chini akasema "nimekopa".

Ujanja wa Fuliza uko mahali pawili. Kwanza, ngazi ya ada: akihitaji 2,600, yuko ngazi moja na wa 70,000 kwa ada ya siku. Ukiweza kupunguza mahitaji yakashuka chini ya elfu moja na ukalipa kabla ya siku ya nne, unachotozwa ni ile asilimia moja ya kuingilia. Pili, pesa yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako, Fuliza inajilipa kwanza. Mama akimtumia mwanawe Kesses elfu mbili za chakula, na mwana alikuwa amefuliza, chakula kimeliwa kabla hakijapikwa. Wazazi, muulizeni mtoto hali ya Fuliza yake kabla ya kutuma. Mkiona deni lipo, mlipieni mwenye chakula moja kwa moja kwa nambari yake ya malipo.

Kadi

Kadi nyingi zilizo mifukoni mwetu si kadi za mkopo. Ni kadi za kutolea pesa zetu wenyewe, na hizo hazina riba. Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki imekulipia, na mwisho wa mwezi inakuletea hesabu. Madereva wenye malori yao, wakimbiaji wa huko Uasin Gishu wanaosafiri kwenda mashindanoni ng'ambo, na watumishi wenye mishahara mizuri ndio wanaoandamwa nazo.

Karatasi ya kadi ina tarehe mbili zinazochanganya: tarehe ya kufunga hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ununuzi uliofanya siku moja baada ya hesabu kufungwa unakupa muda mrefu zaidi wa kulipa bila riba. Ule wa siku moja kabla unakupa muda mfupi zaidi. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba juu ya ununuzi. Ukilipa "kiwango cha chini" tu hutozwi faini ya kuchelewa, ila riba inaendelea. Tufanye hesabu kwa mfano: deni 30,000, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha chini asilimia 10. Unatoa 3,000, na humo 1,050 zimekwenda kwa riba. Deni limeshuka likawa 28,050. Umetoa tatu, limepungua chini ya mbili.

Na usitoe pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo. Hapo kuna ada ya kutoa, na riba huanza kuhesabika siku hiyohiyo, hakuna muda wa bure. Kupita kikomo cha kadi kuna adhabu yake pia. Uiambie benki ikatae malipo yanayozidi kikomo kuliko kuyapitisha kisha ikutoze.

Suala la riba

Kwetu Waislamu faini ya kuchelewesha deni ina swali zaidi ya shilingi. Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini yaliyoandikwa yako wazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Riyadh Septemba 2000 liliamua kwamba kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda wa bure. Hoja ni kwamba sharti lenyewe umelitilia sahihi. Na viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za benki za Kiislamu, vinaruhusu mdaiwa kujifunga kwamba akichelewa atatoa kiasi fulani cha sadaka. Pesa hiyo iende kwenye mambo ya kheri, isiwe pato la benki.

Kwa hiyo ukiwa na mkopo wa benki ya Kiislamu, au dirisha la Kiislamu ndani ya benki ya kawaida, una haki ya kuuliza: nikichelewa mnatoza ngapi, na inakwenda wapi? Tusijidanganye lakini kwamba neno "halali" mlangoni linaondoa ada. Ada ya hundi kurudi na ada za huduma ziko huko pia. Kwa mwenye kukimbia Fuliza, kuna Halal Pesa iliyoanzishwa 2022 na Safaricom pamoja na Gulf African Bank, inayopitia njia ya mauzo badala ya mkopo wa riba. Soma masharti yake kama unavyosoma mengine yoyote.

Adhabu ikigeuka deni

Mkopo ukishindikana kulipika, sheria imeweka dari. Kifungu 44A, kinachotumika tangu Mei 2007, kinasema riba inayoongezeka baada ya mkopo kuharibika haiwezi kuzidi msingi uliokuwa unadaiwa siku ulipoharibika. Ulikuwa na msingi wa 100,000, riba ya baada ya hapo isipite 100,000 nyingine, ukiacha gharama za kudai. Wako watu wanaolipa mara tatu kwa kutojua hilo. Anayedaiwa jumla isiyoeleweka aandike barua kuomba mchanganuo: msingi ulikuwa ngapi, na uliharibika tarehe gani.

Jina kupelekwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo ni adhabu ya aina nyingine. Tangu Aprili 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukupeleka huko, na mkopeshaji lazima akuarifu siku 30 kabla. Taarifa mbaya hukaa miaka mitano hata baada ya kulipa. Mashirika yenye leseni ni matatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Iombe sasa, usingoje mpaka ukataliwe mkopo.

Kwa vijana wanaomaliza chuo: mkopo wa HELB unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kijana asiye na kazi anadhani kunyamaza ndiyo usalama. Nyamaza miezi kumi, faini elfu hamsini. Waandikie, wapeleke ushahidi kwamba huna kazi, hata kidogo unachoweza ukilipe.

Ukikatwa usivyostahili, anzia benki, na uanze kwa maandishi. Taja tarehe, kiasi na jina la ada kama lilivyo kwenye stetimenti, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha, nenda Benki Kuu ya Kenya na nakala hiyo. Malalamiko ya mdomo kaunta hayaachi alama. Dada yangu aliandika, kurasa moja na nusu kwa mkono, akiwaomba wamrudishie adhabu ya pili kwa kuwa hakupewa salio sahihi. Walimrudishia.

Na msisahau akaunti zilizolala. Pesa za benki zisizoguswa miaka mitano huhesabiwa kuwa zimeachwa na hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hazipotei, mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai, na kudai ni bure, humhitaji dalali. Wako wazee wetu waliofanya kazi Eldoret miaka ya viwanda vya nguo wakarudi pwani na kufia huku. Mkiwa na kitabu cha zamani cha benki kwenye sanduku la marehemu, kipelekeni kwenye tawi lolote la benki hiyo mkaulize hali ya akaunti, pamoja na cheti cha kifo na hati ya mirathi, ambayo kwetu hutolewa na Mahakama ya Kadhi.